Jina Kwenye Ukingo wa Nishani

Harufu ya ndimu ikichanganyika na majivu hunirudisha kwetu Koboko, pembeni kabisa mwa Uganda, hata nikiwa nimekaa zangu hapa Arua, mlangoni pa duka langu la kushonea, nikisikiliza bodaboda wakigombania abiria. Mwezi uliopita mke wa jirani yangu, ambaye mumewe ni askari polisi, alitoka uani na sahani ya majivu, nusu ndimu na kitambaa, akaanza kusugua vifungo vya koti la gwaride. Nilikuwa nampima mteja kiuno. Tepu ikanitoka mkononi. Mteja akaniuliza kama naumwa, nami nikasema hapana, tena upesi kuliko ilivyohitajika. Katika nyumba niliyokulia neno hilo, "naumwa," halikuchezewa, na sababu yake ndiyo ninayotaka kuwasimulia.

Babu yangu mzaa baba aliitwa Yusufu Lomoro. Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya kwenda kuoga kwa ajili ya msikiti, alivuta kigoda chake hadi pale jua lilipoingilia mlangoni, akafungua kopo la chai lililokwisha rangi, akatoa nishani. Aliisugua kwa ndimu, kisha kwa majivu yaliyochekechwa, kisha kwa kipande cha shuka. Hakuzungumza wakati wa kazi hiyo. Sisi wajukuu tuliruhusiwa kutazama mradi tukae kimya, na mimi, ambaye kimya kilikuwa adhabu kwangu, nilijitahidi kweli.

Ilikuwa ya mviringo, ya fedha, na utepe wake ulikuwa mweupe wenye mistari myekundu, ingawa weupe ulikuwa umegeuka rangi ya maziwa yaliyochacha. Upande mmoja kulikuwa na kichwa cha mfalme asiye na shingo ya kutosha. Upande wa pili mwanamke amekaa kwenye gari linalovutwa na farasi wenye mikia ya samaki, jambo ambalo lilitusumbua sana akilini. Kwenye utepe kulikuwa na kibamba cha chuma chenye maandishi ya Kizungu, na mwalimu wetu alipotutafsiria kwamba ni nishani ya kufagia, tulicheka hadi machozi. Babu alipewa nishani kwa kufagia! Haboba, ndivyo sisi Waislamu wa Koboko tunavyowaita bibi zetu, alifagia ua kila siku na hakuna mfalme aliyemletea kitu.

Babu mwenyewe alitueleza. Alichukuliwa katika jeshi la Waingereza wakati wa vita vikuu vya pili, akiwa kijana wa kuchunga mbuzi, akafikishwa Mombasa, na huko akahamishiwa kwenye meli ya vita kufanya kazi ya kutia makaa kwenye tanuri, chini kabisa, mahali ambapo jua halijulikani. Vita vikaisha, wenzake wa nchi kavu wakarudi nyumbani. Lakini baharini yalibaki mabomu. Alisema yalikuwa makubwa kama vyungu vya pombe, yenye pembe pande zote, yakining'inia majini bila kujua kwamba wakubwa wamekwisha kupeana mikono. Meli yao ilikuwa na kazi ya kuyafagia, ikivuta kamba ya chuma nyuma yake, taratibu, siku baada ya siku. "Vita inaisha kwa karatasi," alikuwa akisema. "Kwa maji hapana isha."

Hadithi hizo alizisimulia vizuri, na sauti za pembeni na mikono, lakini zote zilikatika mahali pamoja. Kulikuwa na asubuhi moja ambayo alikuwa akiikaribia, kisha anaomba maji ya kunywa, na akishakunywa anazungumzia mvua.

Nishani ilimfikia miaka kadhaa baada ya kurudi, kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya hapa Arua. Mwaka ambao watu wa Koboko walikimbilia Zaire, kwa kuwa serikali ya askari wa kwetu ilikuwa imepinduliwa na wanajeshi wapya walikuwa wanakuja kulipiza kisasi kwa kila nyumba iliyowahi kutoa askari, Haboba aliacha mbuzi, akaacha jiwe la kusagia, akabeba watoto. Walikuwa wamekwisha fika karibu na mpaka Babu aliposimama, akageuka, akarudi peke yake. Haboba alilala siku mbili akijihesabu mjane. Siku ya tatu Babu akatokea na kopo la chai chini ya kanzu. Kukutwa na kitu kama kile kungemuua pale pale. Nyumba nzima ilijua kisa hiki, na wote tulikichukulia kuwa ni majivuno ya askari mzee.

Mambo mawili mengine yalijulikana nyumbani kwetu, ingawa hayakusemwa kwa sauti.

La kwanza ni kwamba jina la Babu halikuwa jepesi. Mwanawe wa kwanza, kaka mkubwa wa baba yangu, alipewa jina la Lomoro, akafa maji mtoni huko huko ukimbizini. Binamu yangu akapewa jina hilo, naye homa ikamchukua kabla hajaota meno yote. Mdogo wangu alipozaliwa, Baba aliamua tena kumwita Lomoro, kwa kuwa alisema hawezi kuacha jina la baba yake lizikwe na watoto. Haboba hakulia wala kubisha. Alitoka nje, akakaa upande wa nyumba ambako hakuna mlango.

La pili ni hilo la kuumwa. Siku moja nilidai tumbo linanikata, ili nisiende shambani kwetu Lobule kupalilia mihogo. Watoto wa dunia nzima hufanya hivyo. Babu alichuchumaa mbele yangu, akanitazama machoni.

"Kweli tumbo iko nauma?"

Nikasema ndiyo. Akauliza mara ya pili, nikasema ndiyo. Alipouliza mara ya tatu kicheko kikanitoka puani. Hakunipiga. Alinishika mkono, tukatembea wawili hadi Lobule, mwendo mrefu, bila neno moja. Shambani akanionyesha mstari wangu, ambao dada yangu alikuwa ameshaupalilia nusu, amelowa jasho.

"Ona," akasema. "Wewe nadanganya, mwingine iko nalima yako."

Nilishangaa kuona mdomo wake unatetemeka. Kwa mstari wa mihogo!

Sasa nisikilizeni. Mwaka niliofika darasa la nne, ugonjwa wa kusoma ulinishika. Nilisoma magunia ya unga, vipande vya sabuni, ubavu wa kila lori lililopita. Ijumaa moja Babu alikwenda kuoga, akaiacha nishani kwenye kigoda ikauke. Niliichukua. Kila mtu alikuwa anatazama uso na mgongo wake, lakini mimi niliona kwamba ukingo nao ulikuwa na herufi, ndogo ndogo, zimechorwa kuzunguka kama mchwa wanaofuatana. Niliigeuza polepole. Nilipita namba, nikapita herufi nisizozielewa, nikafika kwenye jina. Nilijua litakuwa Y. LOMORO. Nilikuwa tayari hata kutabasamu.

Liliandikwa E. CANDIA.

Nililisoma mara tatu. Candia ni jina la Walugbara, wenzetu wa upande wa Arua. Humpa mtoto aliyezaliwa nyumba ikiwa katika mateso. Sisi ni Wakakwa. Hakukuwa na Candia hata mmoja katika ukoo wetu.

Mchana ule Baba alikuwa na wageni wawili kutoka msikitini. Mimi ndiye niliyezungusha maji ya kunawa. Nilipofika kwa Babu, nikiwa bado nimejaa furaha ya mtu aliyegundua kitu, nikauliza:

"Babu, Candia ni nani?"

Mikono yake ilibaki juu ya beseni. Niliendelea kumimina, maji yakafurika, yakanilowesha miguu, na bado hakuiondoa.

"Nani alikuambia hiyo jina?"

"Imeandikwa kwenye nishani yako. Pembeni."

Mgeni mmoja alicheka, akasema serikali ya wazungu nayo ilikuwa na makarani wasiojua kazi. Baba naye akacheka ili mgeni asicheke peke yake. Babu aliinuka bila kugusa chakula, akaenda chumbani, na Ijumaa iliyofuata hakuvuta kigoda. Wala Ijumaa iliyofuata hiyo. Majivu niliyomchekechea yalibaki kwenye sahani hadi kuku wakayatawanya.

Haboba alikuwa akisaga simsim aliponiambia, bila kuinua kichwa, "Wewe mtoto umefungua kitu. Sasa tutaona nini iko natoka."

Mnajua jinsi maneno kama hayo yanavyokaa kwa mtoto wa miaka tisa. Nilianza kumfuata mdogo wangu kila mahali. Akienda chooni nilisimama nje. Alikuwa na miaka minne, mnene, mwenye kicheko cha mtu mzima, na nilikuwa nahesabu pumzi zake kana kwamba nilizikopa mahali.

Kilichotoka kilitokea mguuni mwa Babu. Jembe lilimkata kidole, jambo dogo, lakini kidonda kilikataa kufunga. Mguu ukavimba, ngozi ikang'aa, kisha ikaanza kuwa na rangi ambayo Haboba aliifunika kwa kitambaa ili tusiione. Daktari wa mjini akasema lazima aonwe na daktari wa upasuaji, kwenye hospitali ya misheni kule Kuluva, kusini ya Arua.

"Kuluva hapana," Babu akasema.

Baba akamsihi.

"Nipeleke Arua. Nipeleke Aru kwa Wakongo. Nipeleke popote. Kuluva mimi hapana kwenda."

Tulidhani anaogopa kukatwa mguu. Siku nne alikataa, na siku ya tano homa ikamnyang'anya ubishi. Wakambeba hadi kwenye pikapu. Haboba alikwenda naye, na mimi nikachukuliwa kwa kuwa nilijua kusoma vibao na karatasi. Mdogo wangu Lomoro alikuja mgongoni mwa Haboba, kwani Mama alikuwa na kichanga.

Barabara ya Koboko miaka ile haikuwa ya kuaminika, na dereva hakupunguza mwendo hata kwenye mashimo. Babu alilala juu ya magunia. Alikuwa akizungumza na mtu ambaye hatukumwona. "Toka," alisema. "Toka, panda juu. Panda sasa." Haboba akamwagia maji usoni. Kisha Babu akasema kwa sauti ya wazi kabisa, "Candia, mimi iko huku juu," na Haboba akanigeukia, akanitazama muda mrefu, kama anayejuta kwamba nilifundishwa kusoma.

Kuluva walitupokea vizuri. Daktari alilipasua jipu la mguuni, akakata alichokata, akasema mguu wenyewe unaweza kupona. Siku ya pili asubuhi nilikuwa na mdogo wangu barazani, karibu na kibanda ambamo wanaouguza wagonjwa hupikia. Karani akatoka na karatasi za dawa, akaita, "Lomoro! Lomoro wa Koboko!"

Kulikuwa na mwanamke mzee kwenye kibanda, mrefu, mkavu, amefunga kitenge cha kijani. Alikuwa anakoroga uji wa binti yake aliyejifungua kwa shida. Mwiko ukasimama. Akatoka jikoni na moshi wake, akauliza watu wote waliokaa pale:

"Nani hapa anaitwa Lomoro?"

Mdogo wangu, aliyefundishwa kuitikia jina lake, akainua mkono.

"Mimi."

Yule mama akamtazama. Nimeshonea watu wengi, nimeona nyuso za maharusi na za wafiwa, lakini sijauona tena uso kama ule. Alirudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyekanyaga kitu kilicho hai kwenye majani.

"Mtoto?" akasema taratibu. "Mtoto namna hii?"

"Na babu yetu pia anaitwa Lomoro," nikasema mimi mwenye mdomo. "Yumo ndani. Alikuwa askari wa baharini."

Aliepua sufuria, akaiweka chini, akaondoka kwa miguu kuelekea barabarani, uji ukiwa mbichi.

Alirudi kesho yake mchana. Alikuwa amevaa gauni la kanisani, na mkononi alishika kitu kilichofungwa kwenye leso. Aliingia wodini moja kwa moja hadi kwenye kitanda cha Babu, kana kwamba alielekezwa. Nilikuwa nimekaa sakafuni nikimlisha mdogo wangu ndizi. Nilimvuta chini ya kitanda, tukabaki tunatazama miguu ya watu.

"Mimi ni Ayikoru," sauti yake ikasema. "Mtoto ya mwisho ya baba ya Candia."

Kitanda kikalia juu yetu. Babu alikuwa anajaribu kukaa.

"Karibu," akasema.

"Mimi hapana kuja kukaribishwa." Leso ikafunguliwa, nilisikia chuma kikigonga meza. "Hii serikali alileta kwetu. Tulijua ndugu yetu amekufa, karatasi ilikuja mbele. Sasa hii ilikuja. Mama akapeleka kwa katekista, katekista akasoma, akasema hapa iko jina ya mutu mwingine. Lomoro. Mama alikwenda Arua na miguu. Karani alisema serikali hapana kosea. Akafukuza yeye."

"Walibadilisha," Babu akasema. "Yake ilikuja kwangu."

"Wewe ulijua?"

"Nilijua siku ile ile. Jina yangu najua kusoma."

"Kwetu hapa Kuluva ulijua, na miguu ulikuwa nayo."

Nilimsikia Haboba upande wa pili akivuta pumzi na kuishikilia.

"Mama alisema hivi," Ayikoru akaendelea. "Alisema huyu Lomoro iko hai. Mtoto yangu amekufa, na huyu iko hai. Basi huyu amekula nafasi yake. Hakuna mutu alimwambia. Aliona tu jina. Akasimama mlangoni, akatamka hiyo jina kwa mdomo mbaya, akalaani wewe na kila mutu atabeba hiyo jina. Mimi nilikuwa mtoto, nilisikia. Sasa niambie. Mama alisema kweli ao alisema uongo?"

Kisha Babu akaanza, na safari hii hakuomba maji.

"Ile asubuhi ilikuwa zamu yangu. Kule chini, kwa moto. Jana yake tuliona meli ingine imepasuka mbele yetu, na watu ya chini hapana toka hata mmoja. Mimi nikasema tumbo iko nauma. Candia akaniuliza, kweli? Nikasema kweli. Akacheka, akasema tumbo ya Mkakwa ni ya mtama, bahari hapana weza. Akasema, lala, ndugu, mimi nashika zamu yako." Kitanda kikalia tena juu yetu. "Tumbo ilikuwa hapana uma. Mimi nilikuwa naogopa."

"Na bomu?"

"Ilipiga chini."

"Kaburi yake iko wapi?"

"Hapana kaburi. Maji tu."

Nikaona viatu vya Ayikoru vikigeuka, vikisimama, vikigeuka tena. Juu yetu nikamsikia Babu akipapasa chini ya mto wake. Hatukujua kwamba aliileta ile nishani, wala ni lini aliificha.

"Nilisafisha kila Ijumaa," akasema. "Miaka yote. Ilikuwa yake, mimi nilisafisha tu. Kuileta ndiyo nilishindwa."

Ayikoru akaichukua, ile yenye jina la Lomoro akaiacha mezani. Aliinama kuokota leso iliyoanguka, na hapo macho yake yakatukuta chini ya kitanda, mimi na mdogo wangu mwenye ndizi mdomoni. Alimwangalia yeye, si mimi.

"Wangapi wamekufa na hii jina?" akauliza.

Haboba ndiye aliyejibu, maneno yake ya kwanza. "Wawili."

"Mama yangu iko kaburini," Ayikoru akasema. "Neno ya mutu amekufa, mimi hapana jua namna ya kurudisha."

Akaenda zake bila kuaga.

Mguu wa Babu ulipona. Watu wa Koboko walimshukuru Mungu, wakachinja mbuzi, na Babu akakaa katikati yao kama mgeni. Kopo la chai sasa lilikuwa na nishani yenye jina lake, nyeusi kwa kutu ya miaka, na hakuigusa hata mara moja. Haboba alimpikia, alimfulia, lakini sikuwasikia tena wakizungumza kama zamani. Wakati mwingine nilimkuta Babu akimtazama mdogo wangu anapocheza, na mtoto akikimbia kuelekea kisimani au barabarani, mzee alikuwa akiinuka nusu kutoka kwenye kigoda, mkono mbele, halafu anakaa tena. Mwaka ule mtoto alipata surua. Alipona. Akaanguka kutoka kwenye baiskeli ya Baba, akapona. Kila mara tulingoja.

Babu alifariki mvua zilipoanza, alasiri, akiwa ameegemea ukuta. Baba alipeleka tangazo kwenye redio ya Arua, na siku ya tatu ya msiba, watu wakiwa wamejaa uani, bodaboda ilisimama njiani na Ayikoru akashuka. Alikuwa amebadilisha magari mawili. Tope la njia lilikuwa limekaukia kwenye gauni lake. Watu hawakumjua, lakini Haboba alisimama, na Baba, aliyekwisha simuliwa naye, akafuata.

Hakulia msiba. Hakukaa kwenye mkeka. Alisema, "Nipe mimi maji. Na mtoto mwenye jina."

Haboba akaleta maji kwenye kibuyu. Kwa mikono yake mwenyewe akamsukuma mdogo wangu mbele, na nilimchukia Haboba kwa hilo. Ayikoru akasema kitu kwa Kilugbara, akajaza mdomo. Akamtemea mtoto kwenye paji la uso. Akamtemea kifuani. Akajaza tena, akamtemea miguu yote miwili. Watu wazima walikuwa wameinamisha vichwa. Nilidhani ni kwa aibu, na kwamba hakuna mmoja wao aliyekuwa na moyo wa kumzuia. Mdogo wangu akapiga kelele.

Nilitoka mbio kati ya wanawake. Nilijitupa mbele yake, nikamwambia yule mzee, "Mchawi! Mchawi wewe!" Kisha nikavua kanga yangu, nikampangusa mdogo wangu uso, kifua, miguu, vidole, kila tone, huku nikilia kwa hasira.

Baba aliinua mkono kunipiga. Ayikoru akamshika.

"Mwache," akasema. "Huyu iko na haki."

Akakataa chakula, akarudi alikotoka. Nyumbani hakuna aliyenieleza neno. Nami, ambaye swali langu moja lilikuwa limeleta yote hayo, nilikuwa nimekwisha apa kutouliza tena. Nilikua na chuki yangu nzima nzima, kama jiwe kwenye kiatu ambacho mtu hataki kukivua.

Miaka ikapita. Nikaja Arua, nikajifunza cherehani, nikafungua duka. Mwaka mmoja nilimshonea gauni binti wa Kilugbara, nikaalikwa kwao siku ya kuagwa. Shangazi yake akajaza maji mdomoni, akampulizia bibi arusi usoni na kwenye gauni langu la hariri. Nilipiga ukelele. Wanawake wakacheka.

"Ni baraka hii," mama mmoja akaniambia. "Kwenu hapana?"

Nikasema nilishaona mtu akimtemea mtoto kwenye msiba, na nikaeleza kidogo. Yule mama akaacha kucheka.

"Hapo walikuwa nafungua laana," akasema. "Aliyelaani akishakufa, mutu ya damu yake ndiyo nafungua. Tena ni kazi ngumu. Lazima moyo yake iwe imeachilia kabisa, kama sivyo maji nakuwa maji tu."

Nilikaa chini pale pale, pindo la gauni lililolowa mikononi. Mwanamke yule alikuwa amekaa miezi na moyo wake, akiupima. Alikuwa amekuja hadi nyumbani kwa aliyemwacha ndugu yake afe, katikati ya watu wasiomjua, ili mtoto wa watu aishi. Na mimi nilimpangusa mdogo wangu kila tone.

Wiki ile ile nilikwenda Kuluva. Ayikoru alikuwa amefariki zamani. Nilimkuta binti yake, Letaru, yule aliyekuwa amelazwa wakati ule. Sasa alikuwa na mvi. Nilimwambia mimi ni nani. Nikamwuliza, kama mpumbavu, kama maji yaliyopanguswa bado yana nguvu.

"Ndugu yako iko hai?" akauliza.

Nikasema yuko hai. Ana gereji Koboko, ana watoto watatu.

"Sasa unauliza nini?"

Akaniletea kiti. Akatazama nje kidogo, kisha akacheka peke yake.

"Mama alitusimulia wewe," akasema. "Alifika hapa amechoka, akavua viatu, akasema, kule Koboko iko mtoto wa kike amenitukana mbele ya watu. Tukasema, haya, na wewe ulifanya nini? Akasema, mimi nilifurahi. Akasema kwa ile nyumba, sasa iko mutu nasimama mbele ya mwenzake, nakinga yeye."

Nilikuwa na miaka kumi siku ile, wala sikujua kwamba nilikuwa nimesimama mahali popote. Nilijua tu kwamba mdogo wangu alikuwa amelowa, na analia.